Herufi moja, nafasi ya 145: kirusi cha homa ya ini B kinavyoipiga chenga kinga ya mwili

Mwanamaabara wa Ziwa

Wakuu, habari za usiku.

Kwenye kundi letu moja la WhatsApp la watumishi wa afya inazunguka sauti ya dakika nne. Jamaa anaeleza kwa kujiamini kabisa kwamba homa ya ini B "imeshajibadili, chanjo haifui dafu". Watu watatu wamenifuata pembeni niijibu. Nilianza jibu fupi, likanishinda kwa urefu, nikaona nilimwage huku mlisome na kulichana.

Niseme mapema: jamaa hakutunga. Kirusi anachokisema kipo, na kimejulikana tangu baadhi yenu hamjazaliwa. Alichokosea ni hesabu, na hesabu ndiyo nimeifungulia uzi.

Twende kusini mwa Italia, miaka ya 1980. Walichanjwa watu 1,590, wakiwemo watoto wachanga wa mama wenye maambukizi. Baadaye 44 kati yao wakakutwa na kirusi ingawa utaratibu wa chanjo ulifuatwa. Alessandro Zanetti na wenzake waliripoti jambo hilo mwaka 1988, na mwaka 1990 kundi la William Carman likaeleza lilichokikuta kwa mtoto mmoja. Mtoto huyo alizaliwa na mama mwenye maambukizi, akapewa chanjo, na juu yake akadungwa kingamwili (protini za ulinzi zinazokishika kirusi) zilizokwisha kutengenezwa. Damu yake ilikuwa na kingamwili, na ilikuwa na kirusi. Hao wawili kwa kawaida hawalali nyumba moja.

Wakasoma vinasaba vya kirusi cha mama na cha mtoto. Kwa mama, herufi ya 587 ilikuwa G. Kwa mtoto ilikuwa A. Tofauti ya herufi moja! Kwa sababu yake, asidi amino (tofali la protini) ya 145 kwenye ganda la kirusi ilitoka kuwa glisini ikawa ajinini. Kwa kifupi wanaandika G145R, hapa G ni ya glisini na R ya ajinini. Miaka mitano baadaye bado kilikuwemo ndani ya mtoto, na kinazaliana.

Herufi moja inaletaje kasheshe yote hiyo? Chanjo tunayochoma haina kirusi ndani yake. Ina protini moja tu, ile ya ganda, inayotengenezwa ndani ya hamira. Ndiyo hiyo hiyo HBsAg unayoiona kwenye karatasi ya majibu ukipimwa. Ina asidi amino 226, lakini kinga ya mwili inakodolea macho zaidi kipande kimoja kilichojitokeza nje, kuanzia kama 124 hadi 147, kilichojikunja vitanzi viwili. Sehemu kubwa ya kingamwili za chanjo hushika pale.

Sasa mfikirie mkulima aliyezoea mpini wa jembe lake, hata gizani anaushika bila kuutazama. Glisini ndiyo asidi amino ndogo kuliko zote. Ajinini ni ndefu na ina chaji ya umeme. Kuiweka ajinini pale 145 ni kama kupigilia msumari kwenye mpini: jembe linalima kama zamani, ila kiganja kinasita kulishika.

Na kirusi hakikukaa kikao kuamua hivyo. Maandishi yake yote ya vinasaba ni herufi kama 3,200 tu (bandiko hili lenyewe lina zaidi). Kikijinakili kinapita njia ya kuzunguka, kutoka DNA kwenda RNA, kisha kurudi DNA, na kimeng'enya kinachofanya safari ya kurudi hakina tabia ya kusoma tena kilichoandika. Mtu ambaye kirusi kimemchachamalia anakadiriwa kuzalisha chembe zaidi ya bilioni 100 kwa siku. Kwa makosa ya kunakili kwenye wingi huo, ni vigumu kutaja herufi ambayo haijakosewa mahali fulani ndani ya ini lake kati ya asubuhi na jioni. Kingamwili hazitengenezi kirusi kilichogeuka. Zinawaondoa wenzake, naye anabaki na uwanja.

Huku maabara napenda kukiita kirusi chenga. Nitatumia jina hilo, msinisumbue.

Chuma cha Pua

Kwa hiyo jamaa wa sauti alikuwa sahihi, umezunguka tu. Chanjo ni biashara ya watu. Wanajua haifanyi kazi na bado wanachoma watoto wetu.

Mzee wa Ujiji

Chuma, kila uzi wewe ni biashara ya watu. Hata ule wa kufuga kuku ulisema hivyo.

Mwanamaabara, mimi darasa langu ni la saba la zamani lakini nimekuelewa mpaka hapo kwenye mpini. Swali la mkulima: kama hicho kirusi chenga kinaikwepa kinga, na miaka imepita zaidi ya thelathini tangu huyo mtoto wa Italia, mbona hakijatawala dunia? Mbegu sugu ikiingia shambani, misimu mitatu tu shamba lote ni lake.

Mwanamaabara wa Ziwa

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo lililokuwa linanichoma, nikaogopa kurefusha.

Nianze na Chuma, maana jibu lake liko Taiwan na lina namba. Taiwan walianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, kwanza wale wa mama wenye maambukizi, na kufikia 1986 wakachanja wote. Halafu wakafanya kitu ambacho wengi hatufanyi: wakarudi kila baada ya miaka mitano kupima damu za watoto na kusoma vinasaba vya virusi walivyovikuta. Mwaka 1984 katika watoto wenye maambukizi, 7.8% walikuwa na kirusi kilichogeuka kwenye kile kipande cha vitanzi. Mwaka 1989 wakawa 19.6%. Mwaka 1994 wakafika 28.1%. Mwaka 1999, 23.1%.

Ukiishia hapo unakimbilia kurekodi sauti ya dakika nne. Lakini hiyo ni asilimia ya nini? Ni ya watoto wenye maambukizi. Na wenye maambukizi wenyewe, katika watoto wa Taipei, walitoka 9.8% mwaka 1984 wakashuka hadi 1.3% mwaka 1994 na 0.7% mwaka 1999. Zidisha mwenyewe. Hesabu yangu ya haraka, ya kukadiria: katika watoto 10,000, wenye kirusi chenga walikuwa kama 76 mwaka 1984, kama 37 mwaka 1994, kama 16 mwaka 1999.

Unaona? Kirusi chenga chenyewe kimepungua. Mama akipepeta mchele kwenye ungo, pumba zinaruka na mawe yanabaki. Ukitazama ungo mwishoni utasema mawe yameongezeka. Hayajazaa, mkuu. Na saratani ya ini kwa watoto wa Taiwan ilishuka, jambo lililochapishwa mwaka 1997 na kushangaza wengi, maana hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu kuona chanjo ikipunguza saratani.

Sasa mzee wangu, mbegu sugu. Sababu ziko mbili. Ya kwanza, dunia bado imejaa watu wasio na kinga. Kwa mtu asiyechanjwa, kirusi chenga hakina faida yoyote juu ya ndugu yake wa kawaida.

Ya pili naipenda zaidi. Nilisema maandishi yake ni herufi 3,200. Ni machache mno kwa kazi aliyonayo, kwa hiyo baadhi yake yanasomwa mara mbili. Andika WANAWAKE. Soma kwa mkupuo, ni akina mama. Kata katikati, ni wana wake, watoto wa mtu. Herufi zile zile, habari mbili. Kirusi cha homa ya ini B ndivyo kilivyoandikwa: sehemu inayotoa maelekezo ya ganda imelala yote ndani ya sehemu inayotoa maelekezo ya kile kimeng'enya cha kunakili. Gusa herufi moja ili ganda libadilike, na mara nyingi umegusa mashine ya kunakili bila kutaka. Kwenye majaribio ya maabara, kirusi chenye G145R hutoa chembe kamili pungufu kuliko cha kawaida. Msumari uko kwenye mpini wa jembe lake mwenyewe.

Binti Mvita

Kaka Mwanamaabara, uzi mzuri sana, lakini nikurekebishe kidogo kabla watu hawajalala na picha isiyo kamili. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari mwaka wa nne, niko Mombasa.

Umeeleza kana kwamba chanjo inafundisha kiganja kimoja. Mwili wa mtu aliyechanjwa vizuri hutengeneza kingamwili za aina nyingi kwa pamoja, kila moja ikishika upande wake. Msumari pale 145 unazisumbua baadhi, nyingine zinaendelea kushika, na nyingine hushika kwa ulegevu. Hilo lilijaribiwa kwa sokwe: walichanjwa chanjo za kawaida zilizokuwa sokoni, kisha wakapewa kirusi chenye G145R chenyewe. Hawakuambukizwa. Matokeo yalitoka 1999.

Sasa yule mtoto wa Italia alishindwaje? Hali yake ilikuwa ya kipekee. Alikutana na kirusi wakati wa kuzaliwa, kwenye damu ya mama, kwa wingi mkubwa, kabla kinga yake haijasimama. Zile kingamwili za kudungwa zikapambana na kirusi ambacho tayari kimeingia. Ukitaka kumfuga kirusi chenga, hapo ndipo pa kumfugia: virusi vingi, kinga nusu. Ndiyo maana kundi jingine walioonekana naye sana ni watu waliobadilishiwa ini, wakawa wanadungwa kingamwili mfululizo ili ini jipya lisishambuliwe.

Mtu aliyemaliza dozi zake akiwa mzima, akakutana na kirusi miaka kumi baadaye, hayuko kwenye hali hiyo.

Mwanamaabara wa Ziwa

Nimepokea, dada. Umenipiga faulo halali. Mpini wangu nauongezea: viganja ni vingi.

DawaAsili Original

Ugonjwa huu unapona kabisa kwa siku 21. Mizizi saba. Njoo inbox.

Mzee wa Ujiji

Mizizi saba ya siku 21, na ukiwa na miwili je? Siku sita? Nenda na hesabu zako.

Mwanamaabara wa Ziwa

DawaAsili, kirusi hiki huacha nakala ya maandishi yake ndani ya kiini cha chembe za ini, imejikunja duara, imetulia. Hata dawa za hospitali tulizonazo zinazuia kuzaliana, hazijaifikia nakala hiyo. Ukiwa na mzizi unaoifikia, usiuze inbox. Unakusubiri utajiri.

Jirani_Mpole

Samahani wakuu, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ninaishi nacho, niliambiwa nilipokwenda kuchangia damu, ni mwaka wa tisa sasa. Kuna kipimo nilipimwa kinaitwa HBeAg, kikatoka hasi. Nikaambiwa "wako hauna makali, nenda nyumbani, kula vizuri". Sijapimwa tena tangu hapo. Je, hiyo nayo inahusiana na haya mabadiliko mnayosema?

Binti Mvita

Inahusiana sana, na ndiyo chenga inayonikera kuliko zote.

HBeAg ni protini ambayo kirusi huihitaji kidogo tu. Kinaweza kuzaliana bila hiyo. Inamwagwa kwenye damu, na kazi yake moja kubwa ni kuibembeleza kinga. Kwa mama mjamzito inaweza kuvuka kondo la nyuma, mtoto anazaliwa kinga yake imeshazoeshwa kumwona mgeni kama wa nyumbani. Hiyo ni sehemu ya sababu mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, hatari ya kubaki nacho maisha ni kama 90%, ilhali kwa mtu mzima ni chini ya 5%.

Miaka ikipita kinga huamka na kuanza kushambulia. Hapo HBeAg inageuka mzigo. Basi virusi vilivyokosea herufi ya 1896, G ikawa A, vinapata nafasi. Kosa hilo linaweka alama ya kusimama katikati ya maelekezo ya HBeAg, protini haikamiliki, haionekani kwenye damu. Kipimo kinasema hasi. Kirusi kinaendelea kuzaliana. Wagonjwa wa namna hiyo walielezwa zamani kwenye nchi za Bahari ya Kati, Ugiriki na Italia, watu wenye ini linaloharibika huku HBeAg ikiwa hasi.

Kwa hiyo ndugu Jirani, HBeAg hasi inaweza kuwa habari njema, na inaweza kuwa kirusi kimejizima taa tu. Kipimo peke yake hakitofautishi. Kinachotofautisha ni wingi wa virusi kwenye damu pamoja na vimeng'enya vya ini.

Mwanamaabara wa Ziwa

Niongeze kitu cha kwetu hapa. Kirusi hiki kina matawi, jenotaipu, zinaitwa kwa herufi. Afrika Mashariki tuna A kwa wingi, hasa tawi dogo la A1, na D kiasi. Afrika Magharibi wana E. Sasa lile kosa la 1896 kwa jenotaipu A huwa adimu, kwa sababu ya kuvutia: pale RNA ya kirusi inajikunja na herufi ya 1896 inashikana mkono na ya 1858. Kwa A, mara nyingi 1858 ni C, inashikana vizuri na G. Ukiigeuza G iwe A, mkono unaachia na mkunjo unalegea. Kirusi kinapoteza.

Lakini msishangilie. A ana njia nyingine, mabadiliko mawili kwenye herufi za 1762 na 1764, ambayo hayazimi HBeAg bali yanaipunguza kama taa ya kandili. Mabadiliko hayo ndiyo yanayohusishwa zaidi na saratani ya ini. Na A1 inajulikana kwa saratani inayowakuta watu wakiwa bado vijana.

Jirani, mwaka wa tisa bila kipimo ni mrefu. Omba vitu vitatu: wingi wa virusi, ALT (kimeng'enya cha ini), na picha ya ultrasaundi. Na usiende peke yako, walio nyumbani kwako wapimwe na wachanjwe.

Jirani_Mpole

Ahsanteni. Mke wangu hajui. Nitaanzia hapo.

Mfamasia wa Kona

Wakuu mmeongea juu ya herufi kusomwa mara mbili, mkaishia kwenye chanjo. Kinyume chake kipo, na kinatuhusu sisi wa dirisha la dawa.

Zamani dawa iliyotegemewa sana ilikuwa lamivudini, iwe kwa homa ya ini B au kwa wenye VVU. Inapiga kile kimeng'enya cha kunakili. Kirusi kikajibu kwa kubadili nafasi ya 204 ya kimeng'enya ili dawa isikae. Lakini kwa kuwa ni herufi zile zile, ganda nalo likabadilika pale 195. Na ukipata mabadiliko matatu kwa pamoja kwenye kimeng'enya, ya 173, 180 na 204, ganda linabadilika mahali pawili, 164 na 195, na kingamwili za chanjo hulishika kwa udhaifu unaofanana na wa G145R. Yaani kirusi kilikuwa kinakimbia dawa, kikajikuta kimekimbia na kinga pia, bila kukusudia.

Ndiyo maana mtu mwenye VVU na homa ya ini B kwa pamoja hapaswi kubaki na lamivudini peke yake upande wa ini. Kidonge cha siku hizi cha VVU kina tenofoviri ndani, na tenofoviri kirusi hiki kinahangaika sana kuizoea. Tatizo linakuja mtu anapobadilishiwa dawa sababu ya figo au sababu nyingine, na aliyembadilishia hakukumbuka kwamba ile tenofoviri ilikuwa inalinda na ini.

Chuma cha Pua

Sawa nimesoma yote. Nauliza kwa nia njema sasa. Kama chanjo inafanya kazi, mbona bado watu wanaugua? Kazini kwetu wamepima watu, vijana kabisa wamekutwa nayo.

Mwanamaabara wa Ziwa

Swali zuri Chuma, na leo hujataja biashara.

Vijana hao wana umri gani? Tanzania chanjo hii iliingia kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002. Aliyezaliwa 1998 hakuipata utotoni, isipokuwa alichanjwa baadaye kwa sababu ya kazi au masomo. Hapo hakuna kirusi chenga, kuna mtu ambaye hakuwahi kuchanjwa.

Halafu ratiba yetu ya pentavalenti, ile sindano ya chanjo tano kwa pamoja, hii ikiwemo, inaanza wiki ya 6, kisha 10 na 14. Mtoto wa mama mwenye maambukizi anakutana na kirusi saa ya kwanza ya maisha yake, chanjo inamkuta wiki ya sita. Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri tangu 2009 dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Na mama mwenye virusi vingi apewe tenofoviri akiwa mjamzito. Pengo hilo la wiki sita limeambukiza watoto wengi kuliko mabadiliko yote ya vinasaba niliyoyataja humu. Kwa makadirio ya shirika hilo, mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na maambukizi sugu, na milioni 65 kati yao wapo kanda ya Afrika. Sehemu kubwa waliyapata utotoni.

Na wapo ambao mwili wao hauitiki chanjo. Kwa watu wazima ni kama 5 hadi 10 kwa 100, zaidi ukiwa na umri mkubwa, uvutaji sigara, unene, au kisukari. Huyo amechomwa mara tatu, ana kadi, hana kinga.

Ila kuna mahali kirusi chenga kinanisumbua kweli, na ni kwenye meza yangu mwenyewe. Vipimo vyetu vya HBsAg navyo hutumia kingamwili kukishika kirusi. Kama kingamwili za kwenye kipimo zinalenga vile vitanzi, msumari unazikwamisha nazo. Kipimo kinasoma hasi, damu ina kirusi. Si vipimo vyote. Watengenezaji wengi wa mashine kubwa wamechanganya kingamwili za kushika mahali tofauti kwa sababu hiyo hiyo. Vile vijiti vya haraka ndivyo vinatofautiana sana kwa ubora.

Miaka ya nyuma, kwenye maabara moja niliyofanyia kazi, alikuja mama ambaye kijiti kilisoma hasi mara mbili. Ini lake lilikuwa limeshajaa makovu, daktari akawa haridhiki. Tukapeleka sampuli mbali. Kingamwili za kiini cha kirusi, anti-HBc, zilikuwa chanya, na DNA ya kirusi ikapatikana. Sikujua, na sitajua, kama chake kilikuwa kimegeuka ganda au kilikuwa kichache tu kiasi kwamba kijiti hakikukifikia. Hatukuwa na uwezo wa kusoma vinasaba. Lakini tangu siku hiyo nikiandika "hasi" mkono unakuwa mzito kidogo.

Nesi wa Zamu

Nimesoma kimya kimya tangu jana, sasa niseme. Nimejichoma sindano juzi usiku nikimtoa mgonjwa damu. Nina dozi zangu tatu, nilimaliza miaka sita iliyopita, sijawahi kupima kama nina kinga. Mgonjwa kapimwa kwa kijiti, HBsAg hasi. Kabla ya uzi huu ningelala. Sasa silali.

Mwanamaabara wa Ziwa

Dada pole sana. Kwanza kabla ya ini: dawa za kuzuia VVU umeshaanza? Dirisha ni saa 72, na mapema ni bora. Kama bado, funga simu uende.

Kuhusu ini, pima anti-HBs yako, yaani kingamwili dhidi ya ganda la kirusi. Ikifika 10 au zaidi, una kinga, haijalishi kijiti cha mgonjwa kilisema nini. Ikiwa chini ya 10, usihukumu haraka, maana baada ya miaka sita namba hushuka kwa watu wengi huku kumbukumbu ya kinga ikiwa bado ipo. Ila kwa kuwa hukuwahi kupima mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu, hatujui kama uliwahi kuitika. Hapo utapewa dozi nyingine papo hapo, na mgonjwa apimwe kwa kipimo bora kuliko kijiti.

Binti Mvita

Na wengine mlio wodini, msisubiri sindano iwachome ndipo mpime. Mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho, pima mara moja, weka karatasi kwenye faili.

Nesi wa Zamu

Dawa za VVU nilianza usiku ule ule. Anti-HBs nimetoa asubuhi.

Mzee wa Ujiji

Tunasubiri majibu mwanangu. Mimi nimeshapika chai.

Nesi wa Zamu

Imetoka: 312.

Mwanamaabara wa Ziwa

Hiyo ni kinga. Upande wa ini, lala. Dawa za VVU maliza siku zako 28.

Mzee wa Ujiji

312 nayo tupigie hesabu ya mizizi?

Nesi wa Zamu

Umenichekesha mzee, ahsante. Zamu inaanza saa mbili. Lile sanduku la sindano lilikuwa limewekwa kule mlangoni, ndiyo maana nilitembea na sindano mkononi. Nimelisogeza hadi kando ya kitanda namba tatu.